Nukta Iliyopotea Hairudi

Katika mafunzo ya sayansi mchoro hufanya kazi ya chombo. Mwanafunzi atakiwaye kusoma kimo cha kioevu katika mchoro wa kipimajoto hupima kwa macho yake, na jibu lake hutegemea vigawanyo avionavyo. Vigawanyo hivyo vikififia hata viwili vikaonekana kuwa kimoja, mwanafunzi hukosa alama kwa kosa asilolitenda. Kwa sababu hiyo ukali wa picha ni suala la haki kabla ya kuwa suala la urembo.

Walimu wengi hutayarisha mitihani na karatasi za mazoezi kwa programu za kuchorea michoro ya vekta, kama vile Inkscape, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003. Aghalabu huingiza humo picha iliyopatikana kwingineko, wakaivuta ipate kujaza ukurasa, kisha wakashangaa jinsi ilivyofifia. Lawama hutupiwa programu. Lawama hiyo haina msingi, kwa maana chanzo cha tatizo kimo katika picha yenyewe.

Kompyuta huhifadhi picha kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuigawa katika nukta zilizopangwa kwa safu, kila nukta ikiwa na rangi yake. Mwaka 1957, nchini Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliingiza katika kompyuta picha ya mtoto wake mchanga, yenye upana wa sentimeta 5, kwa nukta 176 kila upande. Jumla yake ni nukta 30,976, na hakuna ukuzaji utakaoongeza hata moja iliyo ya kweli. Namna ya pili ni ya vekta: kompyuta huhifadhi mahali pa ncha pamoja na kanuni ya mstari unaoziunganisha, nayo huukokotoa mstari upya kila ukubwa unapobadilika. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alionyesha uwezo wa uchoraji wa aina hiyo kwa programu yake, Sketchpad. Picha ya nukta ikiingizwa katika mchoro wa vekta haigeuki kuwa vekta. Huwa mgeni aliyekuja na akiba yake, asiyeongezewa kitu.

Hesabu yake ni nyepesi. Picha yenye nukta 1200 kwa 900 ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, kipimo kinachotumiwa sana katika uchapaji, hupata upana wa inchi 4, yaani takriban sentimeta 10. Ikivutwa kufikia inchi 8, hubakiwa na nukta 150 kwa inchi. Hatari kubwa zaidi hujificha mwishoni, wakati wa kuitoa kazi iliyokamilika. Mchoro huohuo wa inchi 4 ukitolewa kama picha ya PNG kwa nukta 96 kwa inchi, kipimo ambacho Inkscape hukitumia isipoelekezwa vingine, hutoka na nukta 384 kwa 288. Nukta 1,080,000 zimekuwa 110,592. Karibu tisa katika kila kumi zimetupwa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Wapo wasemao kwamba programu yaweza kuigeuza picha kuwa vekta kwa kufuatisha kingo zake. Uwezo huo upo, nao hufaa kwa nembo au mchoro wa rangi mbili wenye nukta za kutosha. Lakini mbele ya picha iliyofifia mashine hukisia. Vigawanyo viwili vilivyogusana huchorwa kuwa kimoja, chenye kingo kali zisizotia shaka. Picha iliyofifia angalau hukiri udhaifu wake. Mchoro huo mpya hudanganya kwa macho makavu. Katika sayansi, kosa lililovikwa usahihi ni baya kuliko shaka iliyo wazi.

Hapana budi, basi, uangalifu utangulie. Yafaa kutafuta picha ya asili badala ya nakala ya nakala, na kuhesabu nukta zake kabla ya kuikuza. Hifadhi ya JPEG iachiwe picha za kamera, kwa kuwa ubanaji wake huchafua kingo za mistari na herufi. Kazi iliyokamilika itolewe kwa PDF, ambamo mistari hubaki vekta.

Na pale ambapo picha ni ya mistari mitupu, dawa iliyo bora ni kuichora upya. Kipimajoto ni mistari michache iliyonyooka na matao mawili. Mwanafunzi akikichora mwenyewe kwa vekta, hulazimika kuuliza vigawanyo ni vingapi na kila kimoja kina thamani gani. Darasa litakuwa limepata mchoro usiofifia kwa ukubwa wowote, na mwanafunzi atakuwa amekwisha jifunza kukisoma chombo kabla ya kuulizwa swali.