Jeti Haina Kosa, Wenye Kosa Ni Sisi

Kuna kitu kinaniudhi na leo nakisema. Mafundi wangu mtanisamehe, ila na sisi wateja hatuponi.

Babu yangu ana Volkswagen Beetle, 1303 S ya mwaka 1973, injini ya 1600, kabureta ya Solex. Mwaka jana ikawa haishiki sailensa. Ukisimama kwenye taa, inazima. Nikaipeleka gereji moja hapa mjini, jina naliweka kapuni. Fundi hakuuliza kitu. Alifungua kabureta, akatoa jeti, akachomeka waya mgumu na kuusugua mpaka tundu likapanuka. "Sasa itakunywa vizuri, kaka." Dakika ishirini, kazi imekwisha. Nikalipa na kushukuru juu!

Ikanywa kweli. Plagi zikawa nyeusi tii, oili ikanuka petroli. Petroli iliyozidi ilikuwa inaosha oili kwenye kuta za silinda. Baada ya miezi sita Babu akalipia ringi mpya za pistoni kwa pensheni yake. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Hebu tuelewane. Hewa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta huongeza kasi, mgandamizo wake hushuka, na petroli huvutwa kutoka kwenye bakuli la floti kupitia jeti. Ili petroli yote iungue, inahitaji hewa yenye uzito wa takribani mara 14.7 ya uzito wake. Ndiyo maana jeti ina namba. 130 maana yake ni tundu la milimita 1.30. Lifanye 1.40 tu, eneo la tundu linaongezeka kwa karibu asilimia 16. Kwa jicho huoni tofauti yoyote, lakini injini inaiona.

Na jeti yenyewe ilikuwa haina kosa! Jeti kuu kazi yake hasa ni gari likiwa kwenye mwendo. Mzee mmoja tuliyempata baadaye alishika ekseli ya kile kibati kinachofungua hewa, akaitikisa. Inacheza. Miaka hamsini imekula tundu lake, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Akaweka bushi, akaosha vijia vyote na kuvipuliza kwa upepo, akabadilisha gasketi na kiwambo cha pampu, akarudisha jeti yenye namba yake.

Hata hapo hakugusa skrubu. Kwanza alipima valvu, kisha kontakti, kisha taimingi, kwa sababu mengi tunayoisingizia kabureta yanatoka huko. Ndipo akafungua skrubu ya mchanganyiko mizunguko miwili na nusu, akaweka mwendo wa sailensa kwenye 850 kwa dakika, akawa anazungusha kidogo kidogo huku anasikiliza. Kazi ya siku mbili.

Najua mtakachosema. Kabureta ni zama za mawe, weka injini ya Toyota uendelee na maisha. Sibishi, mfumo wa kompyuta unapima mafuta vizuri zaidi na kuchafua hewa kidogo. Lakini kabureta ikipimwa kama inavyotakiwa inafanya kazi. Iliyotushinda ni subira ya kupima.

Na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wenye digrii. Anayemaliza kwa dakika ishirini tunamwita mkali. Anayetaka siku mbili tunamwita mbabaishaji, halafu tunamwomba apunguze bei. Kijana anayejifunza kazi pale gereji anatuangalia. Anaona waya unaleta hela na kipimo kinaleta matusi. Wewe ungejifunza kipi?

Yule mzee hana hata mwanafunzi mmoja. Nilimuuliza kwa nini. Akacheka, akasema vijana wanakuja, wanakaa wiki, wanaondoka kwa sababu wateja hawana muda. Wateja ni mimi na wewe.

Kwa hiyo ukipeleka gari la zamani gereji, uliza swali moja tu: jeti hii ni namba ngapi? Fundi akienda kuisoma, kaa, mpe siku zake mbili na umlipe bila kulia lia. Akikuonyesha waya, chukua funguo yako uondoke.

Mimi sikuuliza. Babu ndiye aliyelipa.