Bei ya kobalti imepanda, lakini tani ngapi zinapita Kasumbalesa?

Hapa Kasumbalesa, kila mutu anauliza: leo kobalti iko bei gani? Swali la pili wachache njo wanaliuliza: serikali inaruhusu tani ngapi zipite mupaka? Bila hilo la pili, jibu la kwanza linaweza kudanganya nyumba muzima.

Wataalamu wa uchumi wanatabiri bei kwa hesabu yenye kuwa kama mizani. Upande mumoja wanatia tani zenye migodi itatoa, upande mwingine tani zenye viwanda vitahitaji. Mu 2022 tani moja ilipita dola 80,000. Wengi walihesabu kama motokari za umeme zitaongeza njaa ya kobalti kila mwaka.

Hesabu ilikosea wapi? Kwanza, viwanda vya China vilizidisha betri za chuma na fosfati, zenye hazina kobalti hata kidogo. Pili, na hii njo inatugusa, kwetu kobalti inatoka pamoja na shaba. Ukisaga mahindi upate bunga, pumba nazo zinatoka, hata kama hakuna mwenye kuzinunua. Kampuni ikikimbilia shaba, kobalti inaongezeka hata bei yake ikianguka. CMOC, yenye Tenke Fungurume na Kisanfu, ilitoa tani karibu 55,000 mu 2023. Mu 2024 ikapita 114,000. Mwezi wa pili 2025, tani ilikuwa imeshuka chini ya dola 22,000.

Hapo serikali ikatia mukono. Tangu tarehe 22 ya mwezi huo, ARECOMS ilisimamisha kupeleka kobalti inje. Tarehe 16 mwezi wa kumi njia ikafunguliwa, lakini kwa mafungu: tani 18,125 mpaka mwisho wa mwaka, kisha 96,600 mu 2026 na vile vile mu 2027. Mu 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani 200,000. Basi hata nusu haipite. Njo maana mwisho wa 2025 bei ilikuwa imepita mara mbili ya ile ya mwezi wa pili.

Sasa, hiyo bei ni ya nani? Ni ya mwenye fungu. Mafungu yaligawanywa kufuata mali yenye kampuni zilikuwa zinapeleka mbele. Mununuzi asiye na njia ya kupitisha mali yake hatakulipa bei ya London, hata redio ikitangaza nini.

Kwa hiyo, mbele ya kukopa feza ao kuanza nyumba juu kobalti "imepanda", uliza mambo matatu: shaba iko namna gani, fungu la mwaka ni tani ngapi, na mwenye kukununua ako na fungu? Mizani ya wataalamu inasaidia. Lakini hesabu yao haiwezi kuona siku yenye kalamu moja mu Kinshasa itabadilisha mafungu.