Acheni kusoma midomo ya watu kama cheti cha Ukimwi

Baridi ikiingia Nairobi, Juni hadi Agosti, kila matatu ina watu watatu wanaokohoa na mmoja anayepiga chafya bila kufunika mdomo. Hayo tumeyazoea. Kitu hatujazoea ni kinachofuata siku mbili tatu baadaye: malengelenge pembeni mwa mdomo, ulimi uliopakwa utando mweupe, chai isiyo na ladha. Hapo ndipo msee anatafuta maski aliyoitupa droo tangu enzi za corona. Anaivaa kuficha mdomo, maana anajua vile atasemwa.

Na atasemwa kweli. "Huyo amebusu nani?" "Huyo amekuwa akihanya." "Si uende upimwe?" Mtaani kwetu homa ikikushika unapewa pole na dawa ya tangawizi. Homa hiyo hiyo ikionekana mdomoni, unapewa kesi.

Nina jirani, dem wa miaka 23, anayehudumia wateja kwenye hoteli moja mjini. Mwezi wa 7 alishikwa na homa kali, na siku ya tatu malengelenge yakatokea kwenye mdomo wa chini. Msimamizi wake akamtoa kazini mbele ya wenzake na kumwambia asirudi bila cheti cha kuonyesha hana virusi vya Ukimwi. Alilala njaa siku kadhaa kwa sababu ya vidonda ambavyo vilipona vyenyewe baada ya wiki moja na nusu.

Tuanze na ukweli wa yale malengelenge. Yanaletwa na kirusi kiitwacho herpesi aina ya kwanza. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanacho. Hiyo ni karibu asilimia 64 ya watu wa umri huo duniani. Wengi walikipata wakiwa watoto, pengine shangazi alipowabusu shavuni au walipogawana kijiko. Kikishaingia hakitoki. Kinalala ndani ya neva za uso, na wengi hawaoni dalili yoyote maisha yao yote. Kwa wengine, mwili ukichoka kwa homa, jua kali, msongo wa mawazo au kukosa usingizi, kinaamka na kupanda hadi kwenye mdomo. Ndiyo maana wazee husema "homa imetokea mdomoni." Hawakuwa mbali na ukweli. Kwa hivyo kabla umcheke mwenzako, kumbuka kuna uwezekano mkubwa kwamba wewe pia unacho, ila chako bado kimelala.

Ule utando mweupe nao una hadithi yake. Mara nyingi ni fangasi ambao huishi mdomoni kwa amani mpaka kitu kivuruge mpangilio. Na hapa vijana tunajichimbia shimo wenyewe. Homa ikianza, tunapitia duka la dawa na kuitisha "zile za rangi mbili", yaani antibayotiki, bila karatasi ya daktari. Antibayotiki huua bakteria. Homa na mafua huletwa na virusi, na virusi hivyo haviguswi na dawa hiyo. Kinachoguswa ni bakteria wazuri wa mdomoni waliokuwa wakiwazuia fangasi. Wakifa, fangasi wanatawala. Umelipia dawa isiyotibu homa, kisha umejinunulia ugonjwa wa pili. Wenye pumu pia hupata utando huu wakitumia pampu yenye steroidi bila kusukutua mdomo kwa maji baadaye. Wakati mwingine hata si fangasi: umelala mdomo wazi kwa sababu pua imeziba, mate yakakauka.

Ni kweli pia kwamba Ukimwi ukishusha kinga ya mwili unaweza kuleta utando huo. Sitaficha hilo. Lakini hakuna anayeweza kusoma hali ya mtu kwa kumtazama ulimi. Kipimo kipo, ni cha faragha, na anayeamua kupimwa ni mwenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu kuzuia na kudhibiti Ukimwi inakataza kumlazimisha mtu kupimwa kama sharti la kupewa kazi au kuendelea nayo. Yule msimamizi alivunja sheria. Na hata kama jirani yangu angekuwa na virusi hivyo, bado alistahili heshima na mshahara wake. Anayemeza dawa zake vizuri anaishi na kuchapa kazi kama mimi na wewe.

Kuna watakaosema mteja ana haki ya kutohudumiwa na mtu mwenye vidonda. Sawa, mtu mwenye homa hafai kuwa karibu na sahani za watu. Basi apewe siku za kupumzika kwa malipo, kimyakimya, kama mgonjwa mwingine yeyote. Kumwaibisha hakumlindi mteja. Kunawafundisha tu wafanyakazi wengine kuficha ugonjwa na kuja kazini nao.

Tunapochekana hivi, tunakosa yale mdomo unatuambia kwa uzito. Mtoto mwenye joto kali, kikohozi na macho mekundu, ukimkuta na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi ndani ya mashavu, huo huenda ni ukambi. Vidoa hivyo hutokea siku moja au mbili kabla ya vipele. Mpeleke kliniki mara moja, usingojee vipele. Na chanjo yake hutolewa Kenya mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, kwa hivyo kama una mdogo wako nyumbani, angalia kadi yake.

Ukiwa na malengelenge, usimbusu mtoto mchanga hata kama ni wa dada yako. Kirusi hicho kinaweza kumuua. Usigawane glasi wala mafuta ya midomo. Nawa mikono ukigusa kidonda, na usiguse jicho. Kuna dawa ya kupaka, na husaidia zaidi ukianza mapema, unapohisi tu mwasho. Kidonda chochote kikipita wiki mbili bila kupona, muone daktari, hata kama hakiumi.

Na ukimwona mwenzako ofisini au kwenye ploti akiwa amefunika mdomo, muulize kama amekula na kama amepata dawa. Hayo mengine hayakuhusu.