Kisu cha Kijapani hakinolewi kwenye simenti

Katika mji wa Lubumbashi, kisu kikipoteza ukali hakuna anayejiuliza mara mbili. Mama anakipitisha kwenye ngazi ya simenti ao anakipeleka kwa kijana mwenye gurudumu la kunolea. Kisha matembele yanakatwa, samaki wanapasuliwa, na bukari inaliwa.

Kwa kisu cha kawaida cha soko, desturi hiyo haileti hasara kubwa. Chuma chake ni laini, kinavumilia. Kisu cha Kijapani ni jambo lingine, iwe ni zawadi ya ndugu aliye Ulaya ao chombo cha kazi cha mpishi wa hoteli. Kwenye kipimo cha Rockwell, visu vingi vya Ulaya viko kati ya 54 na 58. Vya Kijapani mara nyingi vinafika 60 na zaidi. Makali yake ni membamba, nyuzi 15 hivi kila upande. Chuma kigumu namna hiyo kinashika ukali kwa muda mrefu, lakini kikilazimishwa hakipindi: kinameguka.

Ndiyo maana uchaguzi wa kinoleo ni uchaguzi wa uhai wa kisu. Gurudumu la umeme lisilo na maji linachoma ncha ya makali, na ugumu uliopatikana kiwandani unapotea. Kinoleo kidogo cha kuvuta kinakwangua chuma kwa pembe moja tu, mara nyingi isiyo ya kisu hicho. Fimbo ya chuma ya wachinjaji nayo inaweza kumegua makali.

Kinachofaa ni jiwe la maji. Namba yake ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi. Namba 400 ni ya kisu kilichomeguka, 1000 ni ya kunoa kwa kawaida, 3000 hadi 6000 ni ya kumalizia. Kwa jamaa moja, jiwe lenye pande mbili, 1000 na 6000, linatosha. Mnunuzi aulize kama linalowekwa kwanza ndani ya maji ao linalowanishwa juu tu, na alisawazishe kila linapoanza kuwa na shimo katikati.

Kuna watakaosema jiwe ni bei kali. Ni kweli. Lakini asiye na uwezo wa kununua jiwe, heri abaki na kisu cha kawaida chenye ukali kuliko kisu cha sifa kilichoharibika.

Wakaaji wa Katanga wana sababu nyingine ya kufikiri. VG10, chuma kinachojulikana sana katika visu vya Kijapani, kina kobalti ndani yake, asilimia 1 na nusu hivi. Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Congo, katika Lualaba na Haut-Katanga. Madini yanatoka kwa bei ndogo, kisu kinauzwa kwa bei kubwa. Kukiharibu kwa dakika tano kwenye gurudumu ni kupata hasara mara mbili.

Kijana wa gurudumu si adui. Akiongeza jiwe moja, ndoo ya maji na uvumilivu, atakuwa na kazi mpya yenye malipo mazuri. Shule za ufundi za mji zingefanya vema kumfundisha. Nchi inayotoa madini ya chuma kizuri haikosi mikono ya kukitunza.