Imani ya Kanisa la Africa Inland: Shina na Matawi

Siku ya Jumapili katika miji ya Ngong, Kitengela na Kajiado huanza kwa nyimbo. Yako makanisa ya mawe, yako ya mabati, na yako ya mahema yenye vipaza sauti. Karani aliyehamia huko kutoka Nairobi hupita mbele ya milango mingi kabla ya kuufikia ule alioukusudia, na katika kila mlango yupo mhubiri asemaye kwamba kweli imo humo. Je, amwamini nani? Swali hili si dogo, maana mtu akimwamini mhubiri humkabidhi mali yake, watoto wake, na pengine hata uhai wake.

Njia moja ya kulijibu ni kulitazama kanisa lililokaa siku nyingi katika nchi ya Wamasai, yaani Africa Inland Church, na kuuliza linaamini nini hasa. Mwanzo wake ni misheni iliyoletwa na Peter Cameron Scott, aliyefika Mombasa mwaka 1895 na kujenga Nzaui katika Ukambani. Mwezi wa Desemba 1896 alikufa kwa homa, hali umri wake ni miaka 29 tu. Wenziwe waliobaki waliendelea, na mwaka 1903 makao makuu yakawekwa Kijabe. Miongoni mwa Wamasai wa kwanza walioipokea imani hiyo alikuwa Molonket ole Sempele, ambaye mwaka 1909 aliuza mifugo yake apate nauli, akasafiri mpaka Marekani kutafuta elimu. Hatimaye, mwaka 1971, misheni ilikabidhi kazi yote kwa kanisa lenyewe, likiongozwa na Waafrika.

Sasa yatazamwe mafundisho yake. La kwanza ni kwamba Biblia ndiyo Neno la Mungu, na ndiyo kipimo cha kila fundisho. Si askofu, si mchungaji, wala si ndoto ya mtu iwezayo kupita juu yake. Kwa sababu hiyo kazi ya kutafsiri ilipewa heshima kubwa. Agano Jipya kwa Kimasai lilipigwa chapa mwaka 1923, na Biblia nzima mwaka 1991. Mtu asiyeweza kusoma Maandiko kwa lugha yake hana budi kuyapokea mdomoni mwa mwingine. Bali ajuaye kusoma aweza kumpima amfundishaye.

La pili ni kwamba Mungu ni mmoja katika nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wamasai hawakuletewa Mungu wa jina geni. Walikuwa wakimwomba Enkai tangu zamani, na neno hilo hilo hutaja pia mvua. Wahubiri walilishika jina hilo, wakaongeza habari mpya, kwamba Enkai aliyezitengeneza mbingu na nchi alimtuma Mwanawe duniani.

La tatu ni kwamba kila mtu ni mwenye dhambi, tajiri na maskini, aliyesoma na asiyesoma, wala hawezi kujitoa katika hali hiyo kwa nguvu zake. La nne ni kwamba Yesu Kristo alizaliwa na bikira, akafa msalabani kwa ajili ya dhambi za watu, na siku ya tatu akafufuka.

La tano ndilo moyo wa mambo yote. Wokovu ni zawadi, hupatikana kwa neema kwa njia ya imani. Mtu hazaliwi Mkristo kwa kuwa baba yake ni mzee wa kanisa, wala haununui wokovu kwa fahali wala kwa noti. Yampasa atubu na kuzaliwa mara ya pili. Neno kuokoka lilipata nguvu nyingi zaidi wakati wa uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Matendo mema yana mahali pake, lakini mahali pake ni baada ya wokovu, kama matunda yafuatavyo mti. Mti haupati uhai kwa kutundikiwa matunda.

La sita ni ubatizo wa kuzamishwa majini na Meza ya Bwana. Haya ni maagizo ya kutiiwa na waliokwisha kuamini, wala hayaokoi kwa nguvu zake yenyewe. La saba ni kwamba Yesu atarudi mwenyewe, wafu watafufuliwa, na wote watahukumiwa.

Hilo ndilo shina. Lakini matawi je? Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi tangu zamani. Mwaka 1929, katika Ukikuyu, misheni kadhaa, na hii mojawapo, ziliwataka waumini waikatae tohara ya wanawake. Wengi waliona ni kabila linaloshambuliwa, wakatoka, na wengine wakaanzisha shule na makanisa yao. Walipotoka, wengi wao hawakuikana Biblia wala msalaba. Walilokataa ni mtu wa nje kuwaamulia lipi ni dhambi na lipi ni desturi.

Lakini hoja hiyo, ingawa ina uzito, haikumsaidia msichana mwenyewe. Mwaka 1959 shule ya wasichana ya kanisa hilo ilifunguliwa Kajiado, na katika miaka ya baadaye ikawa kimbilio la watoto waliokimbia ukeketaji na kuozwa mapema. Mwaka 2011 Bunge la Kenya lilitunga sheria ya kupiga marufuku ukeketaji nchini kote. Basi Mmasai mwamini aweza kuvaa shuka na shanga zake, kufuga ng'ombe, na kuwapa wazee heshima yao, wala imani haimgombezi. Lakini desturi imwumizayo mtoto haiwezi kujificha nyuma ya jina la kabila.

Kuyajua haya kuna faida ya leo hii. Baada ya sheria ya mwaka 1968, ardhi kubwa ya Kajiado iliwekwa katika ranchi za vikundi. Baadaye nyingi ziligawanywa, na watu wengi wakauza. Mtu aliyeuza eka zake ana fedha mkononi, na yuko mhubiri atakayemwambia azipande kama mbegu ili zirudi maradufu. Aliyefahamu fundisho la tano atamjibu kwamba neema ya Mungu haina bei.

Jambo la kutisha zaidi lilitokea mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Watu waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu, na maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa, nyingine za watoto wadogo. Aliyefahamu fundisho la nne na la saba angaliuliza: ikiwa Kristo alikwisha kufa kwa ajili ya watu, kwa nini mtoto afe tena? Na ikiwa yeye mwenyewe alifundisha kwamba siku ile haijulikani na mtu, nani amempa mhubiri huyu ratiba yake?

Watu wa Beroya, kama Matendo ya Mitume yanavyosimulia, walimsikiliza hata Paulo mwenyewe na kisha wakayachunguza Maandiko waone kama asemayo ni kweli, wakasifiwa kwa kufanya hivyo. Mchungaji wa kweli hachukii kupimwa. Achukiaye kuulizwa amekwisha kujibu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Na mwenye mbacha wake yafaa kwanza aujue ulivyofumwa.