Setilaiti, Mhandisi na Vitenzi vya Kiswahili

Mijadala ya istilahi za teknolojia aghalabu huishia kwenye majina ya vyombo: tarakilishi au kompyuta, rununu au simu ya mkononi. Majina hayakosekani. Hata setilaiti iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970 iliitwa Uhuru. Kinachokosekana ni lugha ya kueleza kazi inayofanywa na vyombo hivyo, nayo kazi ya mhandisi wa programu za intaneti ya setilaiti inaudhihirisha upungufu huo.

Setilaiti za mawasiliano za jadi hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, zikionekana kana kwamba zimetulia mahali pamoja. Kwa umbali huo, ombi na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde. Setilaiti za Starlink, kampuni iliyoanza kutoa huduma nchini Kenya mwaka wa 2023, ziko chini zaidi, kimo cha kilomita 550 hivi, na ukawiaji umepungua mno. Lakini hizi hazitulii. Kila moja huizunguka dunia kwa muda wa dakika 95 hivi, na hupita juu ya paa la mteja kwa dakika chache tu. Kabla haijatoweka, sharti dishi liwe limeshikwa na nyingine.

Hapo ndipo penye kazi ya mhandisi. Kanuni nyingi za kusafirisha data zilibuniwa kwa kuzingatia nyaya, ambako pakiti ikipotea, chanzo huwa ni msongamano. Basi programu ikikosa pakiti hupunguza kasi, kumbe njia i wazi. Ni setilaiti tu zilizokuwa zikipokezana. Mhandisi hana budi kuifunza programu kutofautisha mambo hayo mawili.

Tendo hilo halihitaji nomino ya kukopa. Kila aliyetazama mbio za kupokezana vijiti analielewa. Zaidi ya hayo, mnyambuliko unatoa kile ambacho Kiingereza hukieleza kwa kirai kizima: setilaiti hupokezana, na programu inayozipangia zamu huzipokezanisha.

Wapo watakaosema kwamba mhandisi huajiriwa kwa Kiingereza, hivyo Kiswahili hakimhusu. Hoja hiyo inamsahau mteja wa Turkana na fundi aliyempandishia dishi. Mteja hulalamika kwamba "mtandao unasumbua", na fundi huipeleka kauli hiyo ilivyo. Je, pakiti zinapotea, zinakawia, au kiungo hukatika kila setilaiti zinapopokezana? Ni hitilafu tatu zenye tiba tatu, na vitenzi vyake vyote vimo katika Kiswahili cha kila siku. Mwanafunzi anayeandaa tasnifu ya istilahi angefaidika zaidi kwa kufuatana na fundi huyo juma moja kuliko kukusanya orodha nyingine ya nomino kutoka kamusini.