Fedha za madini zimfikie na mwamuzi

Juni 25, 2025, Yanga na Simba walipokutana Uwanja wa Benjamin Mkapa baada ya malumbano yaliyoanzia Machi mechi hiyo ilipoahirishwa, filimbi ilikuwa mkononi mwa Amin Omar wa Misri. Wengi waliridhika, kwa kuwa mgeni hana timu kati ya hizo mbili za Kariakoo. Ninachojiuliza ni kwa nini tunaoagiza mwamuzi ni sisi. Jibu langu ni kwamba mwamuzi wa kimataifa huanza kutengenezwa wilayani, akiwa bado kijana, na huko wilayani macho na fedha zetu humfuata mchezaji, hata kwenye wilaya zinazochimba dhahabu kama Kahama.

Tuitazame kazi yenyewe. Wachache sana huhama kama Jarred Gillett, Mwaustralia aliyekwenda Uingereza mwaka 2019 na miaka miwili baadaye akawa mwamuzi wa kwanza kutoka ng'ambo kuchezesha Ligi Kuu ya huko. Kwa Afrika Mashariki kazi ya nje ni ya kwenda na kurudi: mechi za kimataifa kwa kawaida huchezeshwa na watu wa nchi ya tatu, kwa hiyo mwenye beji ya FIFA ana nafasi ya kupangiwa safari. Beji hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja, kwa majina yanayopendekezwa na shirikisho la nchi. Mwamuzi wa kati haipati kabla ya miaka 25, msaidizi kabla ya 23, na sharti wawe wamechezesha ligi ya juu ya nyumbani kwa miaka miwili. Kisha kuna mtihani wa mbio, kwa mwamuzi wa kati mita 40 mara sita, halafu mita 75 za kukimbia na 25 za kutembea, kurudia mara 40. Ukihesabu kurudi nyuma, kupitia madaraja yote ya chini, utaona kwamba anayeanza kozi akiwa na miaka 27 baada ya kukata tamaa ya kucheza tayari amechelewa.

Salima Mukansanga ni ushahidi mzuri, naye anatoka Rwanda, nchi ambayo malori yake yanapita Kahama kila siku yakielekea mpakani Rusumo. Alianza uamuzi akiwa msichana mdogo, akasomea uuguzi na ukunga, akapata beji mwaka 2012. Mwaka 2019 alikuwa Kombe la Dunia la Wanawake, kisha Olimpiki ya Tokyo. Januari 2022 akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya AFCON ya wanaume, kati ya Zimbabwe na Guinea. Mwishoni mwa mwaka huohuo alikuwa Kombe la Dunia la wanaume Qatar, mmoja wa waamuzi sita wa kati kutoka Afrika nzima. Tangu beji hadi Qatar ni miaka kumi, bado hujahesabu ile ya kujifunza. Wala Kanda ya Ziwa, ilipo Kahama, haina uhaba wa watu wa aina hiyo: Jonesia Rukyaa wa Kagera alichezesha Simba na Yanga Februari 2016, mchezo ambao wanaume wengi wenye filimbi wangeuogopa.

Sasa tazama tulivyowekeza. Timu za ukanda huu, Stand United, Mwadui na Geita Gold, zote zimecheza Ligi Kuu, na zote zimeshuka. Geita Gold, iliyopanda mwaka 2021 ikiwa na mgodi nyuma yake, ilifika hadi Kombe la Shirikisho Afrika, kisha mwaka 2024 ikashuka. Timu ikishuka, wachezaji hutawanyika na fedha zimekwenda. Cheti cha mwamuzi hakishuki na timu. Na njia ya kukigharamia ipo: Sheria ya Madini ilivyorekebishwa mwaka 2017 inamtaka mwenye leseni akubaliane na halmashauri mpango wa mwaka wa kuisaidia jamii. Kozi ya vijana, viatu, nauli na daktari wa kuwapima ni gharama ndogo ndani ya mpango huo.

Wapo watakaosema zahanati na madawati yatangulie. Ni kweli, na sipendekezi kupunguza hata dawati moja. Nasema sehemu ya fedha ambazo tayari zinakwenda kwenye soka zigeukie upande wa waamuzi. Hoja nzito zaidi ni ya rushwa. Mkenya Aden Marwa, aliyekwisha kuteuliwa kwenda Kombe la Dunia la 2018, alinaswa kwenye uchunguzi wa wanahabari akipokea dola 600, na safari ikafia hapo. Alikuwa kileleni, kwa hiyo malipo peke yake si dawa. Lakini kijana anayepewa nauli na chakula na timu mwenyeji anafundishwa kupokea tangu mechi ya kwanza. Ndiyo maana fedha hizi zipitie chama cha soka cha mkoa, zilipwe kabla ya mechi, na zisiguse kabisa mikono ya klabu.

AFCON ya 2027 tuliyopewa pamoja na Kenya na Uganda haitamsubiri mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Kahama. Akianza sasa, atatimiza miaka 25 katikati ya muongo ujao. Mahali pa kumwanzishia papo, nayo ni mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, ambako mechi za hatua za awali zinaweza kuchezeshwa na wanafunzi wenyewe, mkufunzi akiwa pembeni ya uwanja. Halmashauri na migodi wanapokaa kupanga mwaka ujao, waweke fungu la waamuzi.